Majina Kumi na Moja Ndani ya Kadilaki

Wiki nzima mmenisimamisha njiani. Mmoja wenu kanifuata hadi buchani, nyama yangu haijapimwa: "Yule mama aligongwa, au hakugongwa?"

Hakugongwa. Kadilaki lilisimama shubiri moja tu kutoka magotini mwake, matairi yakalia, na barabara ya Livernois ikanuka mpira ulioungua. Earlene Gadsden hakurudi nyuma hata hatua moja. Taulo la saluni lilikuwa bado mabegani, nywele upande mmoja zimeshapitishwa kitana cha moto, upande wa pili zimesimama, na viganja vyote viwili ameviweka juu ya boneti.

"Hili gari ni langu!" akapaza sauti.

Wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, sikia haraka. Earlene ana miaka hamsini na saba, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo alishona viti vya magari katika kiwanda cha mabodi cha Fort Street, hapa hapa Detroit. Mwaka 1972 alijinunulia Kadilaki jipya, la kijani kilichokoza, paa jeupe. Wanaume wa mtaa wakacheka: mwanamke hana mume, anaendesha nyumba nzima ya nini? Mwaka 1983 gari likatoweka gerejini. Aliyeachiwa ufunguo siku ile ni Luther, mdogo wake. Alipoulizwa akasema, "Ndiyo, ni mimi," na hakuongeza neno. Earlene akamtupia mabegi yake nje, kwenye majani. Miaka kumi na minne hawajasemezana.

Leo, akiwa kwa msusi, katupa jicho dirishani, kaliona. Linang'aa kama siku aliyokabidhiwa.

Mlango wa dereva ukafunguka. Akateremka Shemasi Cornelius Strickland, mwenye duka la majokofu, suti ya rangi ya maziwa, kofia ya rangi hiyo hiyo.

"Mama, una wazimu? Unataka kufa Jumamosi tukuzike Jumatatu?"

"Hilo ni gari langu, Shemasi. Ulivyoteremka hivyo, hutalipanda tena."

"Gari lako! Dada yangu, hili nililinunua kwa bibi mmoja mjane, kule Grosse Pointe kwa matajiri. Alikuwa akilitoa Jumapili kwa Jumapili, kanisani na kurudi."

Wasomaji wangu, hapa mjini kila gari kuukuu lililo zuri lilikuwa la bibi mjane aliyekwenda nalo kanisani. Wajane wote hao wangekuwepo kweli, makanisa ya Grosse Pointe yangepasuka kuta.

Vernita Mosley, mwenye saluni, akatoka mbio na kitana cha moto mkononi. Yeye na Earlene walikaa cherehani jirani kiwandani miaka mingi.

"Shoga, ndilo?"

"Ndilo."

"Una hakika?"

"Vernita, mtoto wako akivaa kofia mpya anakupotea?"

Magari nyuma yakaanza kupiga honi. Kinyozi wa ng'ambo akatoka na wateja wake, mmoja povu bado kidevuni. Wakalizunguka gari. Hawakumtazama Earlene wala Shemasi, walitazama gari, na mmoja akavua kofia kabisa. Juu ya dashibodi, mbele ya kioo, palikuwa na kibao cha shaba cha chama cha wapenda magari: GARI LISILOGUSWA. Miaka mitatu mfululizo.

Askari akafika, kijana anayeitwa Pruitt. Akaamuru gari lisogezwe kando mbele ya saluni na lizimwe. Shemasi akalisogeza, akazima, akateremka, ufunguo akauacha pale pale.

"Mama, una kadi ya gari?"

"Ilipotea siku moja na gari, afande."

"Uliripoti?"

"Mara tatu."

Pruitt akakuna kisogo. "Makaratasi ya mwaka themanini na tatu... hata mimi sijui yako ghala gani. Na Kadilaki za kijani za mwaka ule zilitoka nyingi."

"Umesikia, dada?" Shemasi akatabasamu. "Nyingi. Rudi ukamalize upande wa pili wa kichwa."

Watu wakacheka. Na kutoka ndani ya saluni, chini ya mashine ya kukaushia nywele, ikapenya sauti kavu ya mama yake Earlene, Mama Ozella, mwenye miaka themanini. Hakuwa amesogea tangu kelele zianze. "Mwambieni huyo mtoto aachane na gari za watu! Kitana kinapoa!"

Earlene hakugeuka.

"Afande," akasema, "ndani ya kiti cha nyuma cha gari hili kuna majina kumi na moja. Usipoyakuta, nifunge pingu."

"Majina gani?"

"Vernita, mwambie."

Vernita akashika kiuno. "Fort Street tulikuwa na utaratibu wetu, wakubwa hawakuujua. Mmoja wetu akinunua gari tunaloshona wenyewe, karatasi ya oda ikifika mezani tunamjua. Basi kabla kitambaa hakijafungwa kwenye kiti, kila mshonaji wa ile laini anaandika jina lake upande wa ndani. Hili la Earlene tuliandika kumi na moja. Mimi niliandika kwa wino wa bluu, na chini yake nikamwekea usia: usimpe lifti mwanaume asiye na kazi."

Mwenye povu kidevuni akaangalia chini.

"Hakuna atakayeligusa gari hili!" Shemasi akajitupa mbele ya mlango wa nyuma. "Mnaiona tuzo ile? Halijaguswa! Kila uzi ni wa kiwandani. Mkifungua, mmenimaliza."

Bahati yake mbaya, mwenyekiti wa chama cha wapenda magari, Percy Lomax, alikuwa mmoja wa waliotoka kunyolewa. Mzee mpole, lakini kwa habari ya magari hana mzaha.

"Shemasi, kuinua kiti si kugusa. Sisi majaji tungeweza kuinua, tulikuonea haya tu. Au kuna kitu?"

"Kitu gani? Hakuna kitu."

"Basi pisha."

Shemasi akapisha. Angefanyaje? Akikataa ana siri, akikubali ana hatari. Earlene akapiga goti ndani ya gari, akakisukuma kiti kwa ndani, akakiinua mara moja. Kikatoka. Wakakilaza juu ya kisanduku cha maua cha saluni, chini juu.

Kitambaa cheupe. Safi. Hakuna jina, hakuna hata alama ya kalamu.

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mpaka kituo cha mafuta.

"Haya, mama! Majina yako wapi?" Shemasi akafungua mikono. "Yamekwenda kanisani na mjane? Afande, pingu zako mbona zimelala?"

Pruitt akamtazama Earlene kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kicheko. Alikuwa amejihakikishia mbele ya mtaa mzima, na sasa mtaa mzima unamwona kituko, nywele nusu nusu. Akakaribia kusema samahani. Neno lilishafika ulimini.

Lakini mikono ya mshonaji haina adabu, inagusa kila kitu. Kidole gumba chake kikapita juu ya mshono wa pembeni. Kikarudi. Kikapita tena.

"Percy, njoo hapa. Weka kidole. Unasikia nini?"

"Uzi."

"Uzi mwembamba, wa nailoni, mstari mmoja. Sisi tulishona mistari miwili, uzi wa kamba. Ningepeleka kiti cha hivi kwa msimamizi wangu angenirudishia usoni. Hiki hakikutoka kiwandani. Kimeshonwa juzi juzi, na aliyekishona alikuwa anawahi basi."

Umati ukasogea karibu.

Percy Lomax akavuta miwani. Akainama. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika rangi. "Cornelius. Umebadilisha kiti?"

Naomba mniamini. Wale wanaume, walioambiwa gari limeibwa, walikuwa wakitafuna vijiti vya meno. Walipoambiwa kiti ni kipya, wakashika vichwa. Wizi wangeusamehe. Kiti kipya ndani ya gari lisiloguswa, mbele ya kibao cha shaba, miaka mitatu! Mmoja akatema mate kando.

"Ngojeni, ngojeni jamani!" Jasho likamtoka Shemasi chini ya kofia. "Ni harusi ya binti yangu. Keki. Mtu alikalia keki! Kiti cha kukalia tu! Mgongo wa kiti haukuguswa. Naapa mbele ya Mungu na mbele yenu, mgongo ni wa kiwandani, haujawahi kutoka!"

Earlene akasimama. Taratibu kabisa, kama aliyekumbuka kitu.

"Umeapa."

"Nimeapa!"

"Mgongo haujafunguliwa tangu siku ulipofungwa."

"Kamwe! Nani angeufungua?"

"Percy," akasema Earlene, "leta spana."

Hapo ndipo Shemasi alipoelewa. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia kwenye bolti mbili. Akatazama mlango wa saluni, mara moja, haraka, kama mtu anayeomba msaada.

Nani aliyekuwa akimtazama huko ndani? Tutafika.

"Sitaki," akasema kwa sauti ndogo. "Nimebadilisha nia."

"Wewe ulibadilisha kiti, nia iache," Vernita akamjibu. "Sogea kabla kitana hiki hakijakupiga pasi hiyo suti."

"Sogea, Shemasi," Pruitt naye akasema. Sheria alikuwa ameshaisahau, alitaka tu kujua.

Percy akafungua bolti ya kwanza. Ya pili ilikuwa imeshika kutu, ikamsumbua, akaipiga, ikaachia. Earlene akaushika mgongo wa kiti kwa chini, akausukuma juu, akautoa, akaugeuza.

Wino wa bluu.

Ulikuwa umefifia, lakini unasomeka. Majina yamepangana ovyo, mengine makubwa, mengine yamejibana pembeni. Vernita akaanza kuyasoma, na sauti yake kubwa ile ikawa inapungua kila jina.

"Dorothea Banks. Wanda Kowalczyk. Lula Teague... Lula tumemzika, shoga. Bernadine Oakes, naye tumemzika. Vernita Mosley, na usia wake huu hapa. Mnauona? Mnauona, ninyi?"

Yalikuwa kumi na moja. La kumi na moja lilikuwa la Earlene mwenyewe, na mbele yake ameandika: *Nimelishona, nimelinunua.*

Earlene akalia. Hakulia kwa aibu, alilia kwa hasira na furaha vikiwa pamoja, na hakujifuta. Miaka kumi na minne watu walimwambia asahau, gari ni chuma tu. Leo chuma kimemtolea ushahidi.

"Afande," akasema, "sasa pingu zako mpe mwenyewe."

Pruitt akamgeukia Shemasi. Shemasi alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kofia magotini, suti imechafuka. Akatikisa kichwa.

"Mjane hakuna," akasema. "Nilisema uongo, Mungu anisamehe. Lakini na wizi hakuna. Nilinunua, na hati ya mauziano ninayo."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha iliyolainika kwa kukaa. Pruitt akafungua karatasi, akasoma, akamtazama Earlene, akasoma tena.

"Mama... hapa muuzaji ameandikwa Earlene Gadsden. Na saini ipo."

Umati ukaguna. Waliokuwa upande wake dakika moja iliyopita wakaanza kutazamana. Kumbe aliuza mwenyewe!

"Nipe niione."

Akaiona. Ilikuwa saini ya jina lake, na hakuiandika yeye. Lakini mwandiko aliujua. Aliujua tangu darasa la kwanza, kwenye barua za kumwomba mwalimu amruhusu abaki nyumbani kwa homa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Maneno haya tumeyasikia mara ngapi, na kila mara tunadhani yanawahusu jirani?

Ndani ya saluni mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. Mama Ozella akatoka na rola zake kichwani, mkono mmoja ameshika mlango.

"Nilisaini mimi," akasema. "Mwacheni Cornelius. Nilimwambia asiliendeshe upande huu wa mji, miaka yote hii ametii."

"Leo nilisema nipite mara moja tu," Shemasi akalalamika kutoka chini. "Gari zuri hivi, kulificha nako ni dhambi."

"Nyamaza," Earlene akamwambia bila kumtazama. "Mama, kwa nini?"

"Ulikuwa umeshafunga mizigo uende nalo. Los Angeles! Umepata kazi ya kushona mavazi ya waigizaji, unaimba jikoni. Baba yako kafa. Luther leo hapa kesho kule. Mimi ningebaki na nani?" Hakuomba radhi. "Gari likaondoka, wewe ukabaki. Mama yeyote angefanya."

"Nilibaki," Earlene akasema. "Nilibaki nikashona viti mpaka vidole vikapinda. Nimekuoshea miguu, Mama. Nimekupeleka kanisani kwa basi, kwa basi, Mama! Na Luther? Luther alijua?"

"Alinikuta nikimpa Cornelius ufunguo."

"Kisha?"

"Akasema, nyamaza, hili nalibeba mimi. Dada akijua ni wewe, ataondoka hata kwa miguu."



Earlene akavua taulo la saluni mabegani, akalikunja, akampa Vernita. Akaingia kwenye gari, nyuma ya usukani. Kiti cha dereva kilikuwa bado kinamjua.

"Percy, nirudishie mgongo wangu mahali pake. Kile cha kukalia mwachie Shemasi, ni chake, akiweke sebuleni."

Percy akaurudisha, akakaza bolti zote mbili, hakubisha.

"Mama. Namba ya simu ya Luther."

Alitegemea mama yake aseme hajui. Mama Ozella akaitaja yote kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kusita. Earlene akafumba macho. Kumbe siku zote namba hiyo ilikuwa ndani ya nyumba, na yeye akijiona hana ndugu.

Vernita akavuta simu ya saluni, waya ukapita juu ya viti, ukapita mlangoni, ukafika dirishani mwa gari ukiwa umekazika. Ikalia mara nne.

"Mama?" sauti ya kiume ikajibu kutoka mji wa Toledo. "Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Si Mama."

Earlene akaukandamiza mkono wa simu sikioni.

"Nimelipata gari, Luther. Na nimejua."

"Umejua," Luther akasema. "Hongera."

"Luther, mimi..."

"Krismasi ngapi nimekuja nikasimama ng'ambo ya barabara, Earlene? Na mara ngapi umevuta pazia? Umepata gari ndiyo unakumbuka una mdogo wako? Usiniombe radhi kwa waya. Njoo usimame mlangoni kwangu kama nilivyosimama mimi, uone kunavyokuwa. Nikifungua, nimefungua."

Akakata.

Earlene akamrudishia Vernita simu. Uso ulikuwa umekauka. Akashika ufunguo, akauzungusha, na Kadilaki likawaka mara moja, sauti ya chini chini, nzito.

"Mama, usifanye hivyo," Pruitt akasogea dirishani, kijitabu mkononi. "Kuna karatasi hapa ina jina lako. Mpaka hakimu aseme, hili gari halitoki. Ukilitoa, itanibidi nikuandike mwizi."

"Andika, mwanangu. Umeona majina, umeona saini ya kughushi, na bado unataka kuandika? Andika. Ila uandike yote: Earlene Gadsden, mshonaji, kaiba gari lake mwenyewe, mchana kweupe, Livernois nzima ikimwona."

Kalamu ya Pruitt ikabaki hewani.

Upande wa pili, vidole vikavu vikashika kitasa cha mlango. Mama Ozella, rola zinamning'inia sikioni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwomba radhi mtu uliyenifanya nimfukuze."

"Hutarudi. Nakujua. Ukipita Toledo, utanyoosha moja kwa moja mpaka Los Angeles."

"Sijui, Mama. Naweza kunyoosha."

"Earlene, nina miaka themanini!"

"Na mimi nilikuwa na arobaini na tatu," Earlene akasema. "Achia mlango."

Hakuachia. Akashika kwa mikono yote miwili.

Earlene akamtazama mama yake machoni kupitia kioo, akavuta gia.

"Achia, Mama. Safari hii sibaki."

Gari likaanza kusogea, na Mama Ozella alikuwa hajaachia.